"Hawezi Kujieleza": Historia Fupi ya Kupima Maisha ya Wazee Wasiosema

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kutembelea makazi fulani ya wazee, katika mmojawapo wa mikoa yetu ya mashamba ya mkonge. Lengo la ziara lilikuwa dogo: waone jinsi sera inavyoonekana ikishafika mahali ambapo watu wanalala, wanakula na wanazeeka. Mhudumu mkuu alitupokea kwa ukarimu, akatuonyesha daftari la ukaguzi. Kila mkazi alikuwa na ukurasa wake: kitanda, godoro, chandarua, idadi ya milo, tarehe alizoonwa na mganga. Safu ya mwisho ilikuwa ya "Maoni ya mkazi". Kwa mzee mmoja, aliyekuwa akikaa kutwa karibu na dirisha, safu hiyo ilibeba maneno mawili yaliyorudiwa kila robo mwaka: "Hawezi kujieleza."

Nakiri kwamba sikuona kosa lolote. Niliwaambia hata wanafunzi waangalie jinsi kumbukumbu zilivyokuwa zimejazwa vizuri. Ni mwanafunzi mmoja, binti wa Kasulu, aliyesoma kwenye ukurasa huo kwamba mzee alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja mashambani kama manamba. Alimwendea, akapiga goti, akamwamkia kwa Kiha. Mzee aligeuza shingo akaitikia. Waliamkiana kwa muda mrefu, kama wafanyavyo watu wa huko, kisha mzee akasema kwamba mguu unamuuma. Mhudumu alipomvua soksi alikuta kidonda katikati ya vidole, ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho.

Sitaki kuligeuza tukio hilo kuwa muujiza. Kumbukumbu za mzee yule zilikuwa zimepotea kweli. Hakujua ni mwaka gani wala yuko wapi, na Kiswahili alichokisema kwa miaka mingi kilikuwa kimemtoka. Wala mhudumu hakuwa mzembe. Alikuwa na wazee wengi na wasaidizi wachache, na alikuwa amejaza fomu kama alivyofundishwa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali la kihistoria: nani aliamua kwamba maneno "hawezi kujieleza" ni jibu? Katika makala haya nataka kueleza jinsi mataifa yaliyotangulia kujenga makao ya wazee kwa wingi yalivyojaribu, yakakosea na kujaribu tena kupima ubora wa maisha ya watu wasioweza kuusema wenyewe. Historia hiyo ni ya Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa, ila mafunzo yake yanatuhusu, maana nasi tumo mbioni kuandika miongozo na kuchapisha fomu.

Fomu iliyojazwa bila kumwona mtu

Ni lazima kuanza na sura ya giza, kwa sababu inatuonyesha kwamba kupima maisha ya mtu asiyejisemea si kazi njema kwa asili yake. Inategemea kipimo kimewekwa kwa ajili gani.

Mwaka 1920 nchini Ujerumani, mwanasheria Karl Binding na daktari wa akili Alfred Hoche walichapisha kitabu kilichotetea kuuawa kwa watu ambao maisha yao, kwa maneno yao, hayakustahili kuishiwa. Miaka 19 baadaye wazo hilo likapata ofisi, makarani na fomu. Kuanzia mwaka 1939 serikali ya Hitler ilituma fomu katika hospitali za magonjwa ya akili na makao ya kulelea watu wasiojiweza. Fomu iliuliza mgonjwa ana maradhi gani, amekaa hapo muda gani, anaweza kufanya kazi gani, na kama huwa anatembelewa na ndugu. Madaktari watatu walizisoma fomu hizo bila kumwona mgonjwa. Alama ya kujumlisha kwa wino mwekundu ilimaanisha kifo, na alama ya kutoa kwa wino wa buluu ilimaanisha kuishi. Kufikia Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Baada ya upinzani wa wazi, ukiwamo wa Askofu Clemens August von Galen wa Münster, mpango ulisitishwa rasmi, ingawa mauaji yaliendelea kwa njia nyingine.

Naomba msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, aliyeulizwa juu ya mgonjwa hakuwa mgonjwa. Pili, swali juu ya wageni lilikuwa na maana yake: mtu asiyetembelewa na yeyote ni mtu ambaye hakuna atakayeuliza kapotelea wapi. Ndiyo maana kila kipimo cha ubora wa maisha kilichofuata kimebeba wajibu wa kujieleza kwanza: unapima ili umhudumie mtu huyu vizuri zaidi, au unapima ili ujue kama anastahili kuhudumiwa? Serikali inayopunguza bajeti inaweza kulijibu swali hilo vibaya bila kumwaga damu hata tone moja.

Enzi ya kuhesabu vitanda

Baada ya vita, Uingereza ilipitisha Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948, iliyofuta mabaki ya Sheria ya Maskini na kuzitaka serikali za mitaa zitoe makao kwa wazee wenye kuhitaji. Ahadi ilikuwa kwamba nyumba kubwa za kazi za maskini, zilizoogopwa tangu karne ya 19, zingetoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasosholojia Peter Townsend alikwenda kuangalia kama ahadi ilitimizwa. Alitembelea taasisi 173 katika Uingereza na Wales, na mwaka 1962 akachapisha kitabu cha The Last Refuge, yaani kimbilio la mwisho. Alikuta wazee wengi bado wanaishi ndani ya majengo yaleyale ya kale, katika mabweni makubwa, wakiwa wamepokonywa vitu vyao, faragha yao na shughuli zao.

Townsend alihesabu vitanda, vyoo na wahudumu, lakini pia alizungumza na wakazi na kuwasikiliza. Warithi wake katika ofisi za serikali walichukua zaidi ile sehemu ya kuhesabu, kwa sababu ni rahisi zaidi. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika kwamba ubora wa huduma unaweza kutazamwa katika ngazi tatu: muundo, mwenendo na matokeo. Muundo ni majengo, vifaa na watumishi. Mwenendo ni kile kinachotendwa. Matokeo ni kile kinachompata mtu.

Ukizitazama fomu nyingi za ukaguzi duniani, pamoja na daftari lile nililoonyeshwa, utakuta zimejaa ngazi ya kwanza, zimegusa ya pili, na ya tatu imeachiwa mstari mmoja mwishoni. Sababu yake si ukatili. Godoro halibishani na mkaguzi, wala halihitaji mkalimani. Tena muundo una umuhimu wake: mzee asiye na chandarua hana ubora wa maisha wa kuzungumzia. Lakini mtu anaweza kulala juu ya godoro jipya akiwa na hofu kila usiku, na daftari likasema mambo ni mazuri.

Maiti na mwosha

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza juu ya mtu mwenyewe, na kama hawezi kujibu, kumuuliza aliye karibu naye. Waswahili tuna methali mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Moja yasema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nyingine yasema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya kwanza inatufundisha kwamba hali ya mtu huijua yeye mwenyewe. Ya pili inatufundisha kwamba anayemshughulikia mtu kwa mikono yake huyajua mambo ambayo wengine hawayajui. Wataalamu wa vipimo wametumia zaidi ya miongo miwili wakibishana juu ya methali hizi bila kuzifahamu.

Mwaka 1999 Rebecca Logsdon na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa kipimo cha maswali 13 kwa watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita dimenshia. Mgonjwa anaulizwa kwa upande wake, na mlezi anaulizwa maswali yaleyale kwa upande wake. Mwaka 2005 kikaja cha Uingereza chenye maswali 28 kwa mgonjwa na 31 kwa msemaji wake. Kwa wale ambao ugonjwa umefika mbali mno, kulikuwa tayari na kipimo cha Texas cha mwaka 2000 chenye mambo 11, ambacho mhudumu hukijaza kwa kukumbuka siku saba zilizopita: je, mkazi alitabasamu, alilia, alifurahia kula, alifurahia kuguswa? Waholanzi nao walitoa chao mwaka 2007, chenye sehemu tisa, na baadhi tu ya sehemu hizo hutumika kwa wagonjwa walio katika hatua ya mwisho.

Vipimo hivi vilipowekwa kando kwa kando, jambo moja lilijitokeza mara kwa mara: msemaji humpa mgonjwa alama za chini kuliko zile ambazo mgonjwa hujipa mwenyewe. Mtu wa nje huona msiba mkubwa kuliko auonavyo anayeuishi. Mlezi aliyechoka au aliyezama katika huzuni hushusha alama zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa London waliokwenda katika makao ya wazee walikuta tofauti yenye kufundisha zaidi. Majibu ya wakazi juu ya maisha yao yalifuatana na hali ya moyo, yaani huzuni na wasiwasi. Majibu ya wahudumu juu ya wakazi walewale yalifuatana na kiasi ambacho mkazi anahitaji kusaidiwa, na usumbufu wa tabia zake. Kwa maneno mengine, mhudumu alipoulizwa juu ya maisha ya mzee, bila kukusudia alijibu pia juu ya ugumu wa kazi yake mwenyewe.

Hilo halimfanyi mhudumu kuwa shahidi wa uongo. Yeye ndiye anayejua kwamba bibi huyu hatulii mpaka mlango uachwe wazi, na kwamba babu yule hula vizuri akilishwa na mtu asiye na haraka. Ila ushahidi wake ni wa mwosha, na usiandikwe mahali pa ushahidi wa mwenyewe. Kuna na jambo la kisiasa hapa. Katika makao mengi anayejaza fomu ni mwajiriwa wa taasisi inayokaguliwa. Tusingekubali mwanafunzi ajisahihishie mtihani. Sijui kwa nini tunakubali hili.

Na methali zote mbili zina kasoro moja kwa kazi hii. Zote zinamtaja maiti. Mzee aliyepoteza maneno hajafa.

Kujifunza kutazama

Waliolifahamu hilo ndio walioanzisha enzi ya kutazama. Huko Philadelphia, mwanasaikolojia M. Powell Lawton alikuwa tayari ameandika mwaka 1983 kwamba maisha mema yana pande kadhaa: uwezo wa mtu kutenda, hali ya moyo wake, jinsi anavyoyaona maisha yake, na mazingira yanayomzunguka. Mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kueleza jinsi anavyoyaona maisha yake, lakini moyo wake haujanyamaza. Mwaka 1996 Lawton na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyefunzwa, akimtazama mkazi kwa dakika 10, anaweza kutambua kwa uhakika wa kutosha furaha, hasira, wasiwasi, huzuni na udadisi katika uso, sauti na mwili wake. Hawakudai kusoma mawazo. Walidai tu kwamba uso ni ushahidi, na kwamba taasisi isiyoutazama imeamua kutokuutazama.

Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Bradford, alikuwapo Tom Kitwood. Huyu hakuanza kama daktari. Alisomea sayansi, akapata upadri, akafundisha shuleni, na kwa muda alikuwa mwalimu nchini Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na Kathleen Bredin walibuni njia ya kuchora ramani ya huduma. Mtazamaji hukaa kwa saa kadhaa katika sebule ya makao, na kila baada ya dakika tano huandika kwa kila mkazi anayemfuatilia: anafanya nini, na hali yake imepanda au imeshuka, kutoka chini ya sifuri hadi tano. Pamoja na hayo huandika matendo ya wahudumu yanayompunguzia mkazi utu wake. Kitwood aliyapanga matendo hayo katika aina 17 kwenye kitabu chake cha mwaka 1997: kumdanganya mtu, kumfanya mtoto mdogo, kumharakisha, kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo, na mengine. Alisisitiza kwamba mengi hayatokani na ubaya wa moyo. Ni mazoea ya mahali pa kazi. Kitwood alifariki mwaka 1998, lakini njia yake ilienea, na wakaguzi wa serikali ya Uingereza wakapata toleo fupi lake kwa ajili ya ziara zao.

Kutazama kulifungua macho zaidi katika suala la maumivu. Mwaka 2000 watafiti wa New York walilinganisha wagonjwa waliovunjika nyonga. Wale wenye dimenshia iliyokomaa walipewa takriban theluthi moja tu ya dawa ya mofini waliyopewa wenye akili timamu. Mfupa uliovunjika ni uleule, ila mmoja aliweza kuomba na mwingine hakuweza. Mwaka 2003 kikatolewa kipimo kifupi cha mambo matano ambacho muuguzi hukijaza kwa kutazama: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa anatulizika akibembelezwa. Na mwaka 2011 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya jaribio katika makao 18, kwa wakazi 352 waliokuwa na dimenshia na fujo za tabia. Nusu ya makundi yalitibiwa maumivu kwa utaratibu maalumu kwa wiki nane, wengi wao kwa dawa ya kawaida ya parasetamoli. Fujo zikapungua kwa wastani wa asilimia 17 zikilinganishwa na wasiopata utaratibu huo. Sehemu ya kile kilichoitwa ukorofi kilikuwa kilio cha mtu anayeumwa.

Lakini tusiugeuze utazamaji kuwa dini. Mtazamaji hukaa sebuleni. Mkazi aliyelala chumbani siku nzima haonekani, na heshima haituruhusu kumfuata kila mahali. Uso nao una mila zake: mzee aliyelelewa kutomkazia macho mgeni anaweza kuandikwa kuwa amejitenga, kumbe ana adabu. Na ramani haitembei yenyewe. Jaribio kubwa la Uingereza katika makao 50, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuta kwamba kuweka njia ya Kitwood ndani ya makao hakukupunguza fujo za wakazi, na makao mengi hayakuweza hata kuikamilisha kama ilivyopangwa, kwa kukosa muda na watumishi. Kumtazama mtu hakumtoshi iwapo hakuna wa kuinuka na kwenda kumsaidia.

Kumuuliza upya yule tuliyemwacha

Sura ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inarudi mwanzoni. Marekani ilipitisha mwaka 1987 sheria ya kurekebisha makao ya wauguzi, baada ya ripoti kali ya Taasisi ya Tiba ya mwaka mmoja kabla. Sheria iliyataka makao yamsaidie kila mkazi kufikia hali bora kadiri inavyowezekana kwake, na ilileta fomu moja ya kitaifa ya kumtathmini kila mkazi. Kwa takriban miaka 20 fomu hiyo ilijazwa zaidi na wahudumu kutokana na kumbukumbu zao na majalada. Hali ya moyo wa mkazi, maumivu yake, apendayo na asiyoyapenda: yote yalipitia kalamu ya mtu mwingine.

Fomu ilipofanyiwa marekebisho, timu iliyoongozwa na daktari Debra Saliba ilijaribu jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni kupoteza muda: kumuuliza mkazi kwanza. Majaribio yalionyesha kwamba wakazi walio wengi, wakiwamo wengi wenye kumbukumbu zilizodhoofika, waliweza kukamilisha mahojiano yakiwa mafupi na maswali yakiwa wazi. Toleo jipya lilianza kutumika Oktoba 2010. Kanuni yake ni rahisi: jaribu kumuuliza kila mkazi anayeweza kueleweka hata kidogo, na umgeukie mhudumu pale tu mahojiano yaliposhindikana. Ina maana kwamba kwa miaka mingi maelfu ya watu waliandikwa kuwa hawawezi kujieleza ilhali hawakuulizwa.

Nasi tunao ushahidi wa aina hiyo nyumbani. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanaoishi vijijini, na kukadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wana dimenshia. Watafiti walikabiliwa na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havikulitarajia: vipimo vingi vya kumbukumbu humtaka mtu asome, aandike au achore. Mzee ambaye hakupelekwa shule na serikali ya kikoloni angeandikwa mgonjwa kwa kosa la serikali hiyo. Kikatengenezwa kipimo kisichohitaji kalamu, ambapo mzee hutaja majina ya wanyama na kupanga njiti za kiberiti. Aliyeonekana kuwa hana akili kwa kipimo kimoja alionekana kuwa nayo kwa kingine.

Safu ya mwisho ya daftari

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa nguzo kuu ya matunzo, na makazi ya wazee kuwa njia ya mwisho. Ni karibu maneno yaleyale ya Townsend, kimbilio la mwisho, ila yeye aliyatumia kwa masikitiko. Baadhi ya makazi yetu yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma. Mengine yamepokea watu waliotoka mbali kwa ajili ya kazi za mashamba na migodi, wakazeeka ugenini. Kwa hiyo miongoni mwa wakazi wetu wamo wengi ambao hawana wa kuwatembelea, na lugha yao ya kwanza si lugha ya mhudumu wala ya mkaguzi. Na tunajua kwamba dimenshia mara nyingi huanza kula lugha iliyokuja baadaye, ikaacha ile ya mama.

Mwalimu hana mamlaka ya kubadilisha fomu, lakini miongoni mwa wasomaji wangu wako maafisa ustawi wa jamii na watumishi wa wizara ambao wanayo. Kwao ninaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. La kwanza, maneno "hawezi kujieleza" yasikubaliwe peke yake. Yafuatwe na jina la aliyeuliza, lugha aliyotumia, saa ya siku, na mara alizojaribu. La pili, mhudumu anapojibu kwa niaba ya mkazi, iandikwe wazi kwamba haya ni maneno ya mhudumu. La tatu, kila mkazi asiyesema atazamwe kwa dakika 10, kwa siku tofauti, na mtu ambaye si mwajiriwa wa makazi hayo, na aandike alichokiona usoni na mwilini. La nne, kabla ya kuandika kwamba mzee ni mkorofi au amejitenga, achunguzwe maumivu, kuanzia meno hadi nyayo.

Watabaki wachache ambao baada ya yote hayo hatutajua. Yupo mtu ambaye hakuna lugha inayomfikia, na ambaye uso wake haubadiliki tena. Kwake historia hii haina kipimo cha kutupa, na tuwe wakweli kulikiri hilo. Wajibu wetu kwake haupungui kwa kukosa alama ya kujaza. Fomu za mwaka 1939 ziliuliza mtu kama huyu ana faida gani. Swali halali ni moja tu: tumefanya nini leo ili asiumwe, asiogope na asiwe peke yake?

Yule binti wa Kasulu sasa ni afisa ustawi wa jamii. Mzee alifariki miezi michache baada ya ziara yetu. Niliporudi pale na kundi jingine la wanafunzi niliomba nionyeshwe ukurasa wake. Katika robo ya mwisho, safu ya maoni ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa yuleyule mhudumu mkuu: "Anasema mguu umepona. Anauliza habari za yule binti."